Mchungaji wetu anahamishwa na vijana wameshanunua kufuli: nitie sahihi?

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu la Methodist huku Pwani. Mchungaji wetu ametimiza miaka mitatu na miezi kidogo. Alitukuta tukisali chini ya mabati yaliyotoboka, leo ukuta wa kanisa jipya umefika kwenye linta. Wiki mbili zilizopita tulisomewa barua kwamba amehamishwa, tena mbali, na anayekuja hatumjui. Mke wake ni mwalimu shule ya hapa, na mtoto wao yuko Gredi ya 9. Watu wamekasirika. Wapo wanaosema amehamishwa kwa kuwaambia wakubwa ukweli, wengine wanasema kuna kosa amefanya na linafichwa. Vijana wamenunua kufuli na mnyororo, wanaapa mgeni haingii. Wazee wameandika karatasi ya kukataa uhamisho na wanataka pesa za sakiti, yaani kundi la makanisa tulimo, zisipelekwe. Wananingoja mimi nitie sahihi na nizuie pesa. Jumamosi ndiyo mwisho. Mchungaji mwenyewe akiulizwa hujibu tu, 'Tuombe.' Makanisa ya jirani mchungaji hukaa miaka ishirini na watu wake. Kwa nini sisi Wamethodisti tunafanyiwa hivi? Nikitia sahihi ni dhambi? Mwaka jana alimzika mume wangu, na wakati wa ugonjwa alikuwa akija hospitalini hata usiku. Naona kama nitabaki peke yangu."

Asifiwe sana, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona kufuli, karatasi na pesa. Mara ya pili macho yalikwama kwenye zile sentensi mbili za mwisho, nikajua swali lako kubwa hukuliweka kwenye alama ya kuuliza. Nitalifikia. Lakini kwa kuwa Jumamosi iko karibu, nianze na ulichouliza.

Karatasi hiyo, kama ulivyoieleza, usiitie sahihi. Pesa za sakiti usizizuie. Na usikae kimya pia. Iko njia ya kusema, na nitakuonyesha jinsi ya kuishika kabla ya Jumamosi. Kuhusu dhambi, sioni dhambi katika kumpenda mchungaji wako na kutaka abaki. Ninachoogopa ni yale ambayo sahihi ya mweka hazina itafanya ikishakaa kwenye karatasi iliyofungwa pamoja na kufuli.

Mimi ni mchungaji mstaafu. Nimehama mara saba. Nilizaliwa huku kwenye joto, na kituo changu cha tatu kilikuwa Meru. Nilishuka kwenye lori mwezi wa Julai na shati la mikono mifupi. Kuna vituo nilivyosindikizwa kwa machozi, na kuna kimoja ambacho nadhani walipumua nilipoondoka. Kwa hiyo ninayokuambia si ya kwenye vitabu peke yake.

Kwanza huo uvumi. Watu wakisikia "amehamishwa" huuliza, "Amefanya nini?" Kwetu barua ya uhamisho haina habari ndani yake. Angalia inavyokwenda: mchungaji mmoja anastaafu Nairobi. Nyumba yake haiwezi kukaa tupu, kwa hiyo anatolewa mwingine Maua kuijaza. Pengo la Maua linajazwa na aliyekuwa Mombasa, la Mombasa na yule wa kwenu, na la kwenu na huyo mgeni. Mzee mmoja amekwenda kulea wajukuu, na familia nne zimepakia vyombo. Mwenye kosa ana njia yake nyingine kabisa: analetewa malalamiko, anaitwa mbele ya kamati, anasikilizwa, anahukumiwa au anaachiliwa. Je, imewahi kutokea mtu akahamishwa ili kesi izimwe, au ili mdomo wake ufungwe? Imetokea. Nikikana nitakuwa nakudanganya, na wewe ni mtu mzima. Ndiyo maana swali hilo linapelekwa kwa msimamizi wa sakiti, ana kwa ana, kwa maneno yasiyozunguka: "Tunasikia kuna kosa. Lipo au halipo?" Jibu lake, hata likiwa fupi, litakuwa bora kuliko mnayoyaokota kwenye stendi ya bodaboda.

Sasa kwa nini tunahamisha. Wengi hudhani ni desturi ya maaskofu wetu, au ni namna ya ofisi kuonyesha nguvu. Jambo hili ni la zamani kuliko ofisi zote tulizo nazo. John Wesley, aliyezaliwa mwaka 1703, alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza hadi alipokufa mwaka 1791. Hakuanza akitafuta kuwa na kanisa lake. Alikuwa na vikundi vya watu waliotaka kumtafuta Mungu kwa bidii, na wahubiri wa kuvizungukia vikundi hivyo kwa farasi. Hiyo ndiyo sakiti: mzunguko. Katika barua ya mwaka 1756 alisema juu yake mwenyewe kwamba akihubiri mahali pamoja mwaka mzima, atalala yeye na wengi wa wanaomsikiliza. (Nimewahi kuhubiri mahali pamoja miaka sita. Mzee hakukosea sana.) Mwaka 1784, alipoandika hati ya kuipa Konferensi, mkutano mkuu wa wahubiri wake, nguvu za kisheria ili kazi isife naye, aliweka ndani yake kwamba wahubiri wake wasipangwe kwenye nyumba moja ya ibada zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo miaka mitatu ya mchungaji wenu ina babu yake.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona mmisionari Mmethodisti Thomas Wakefield alifika Pwani yetu mwaka 1862 akaikalia Ribe karibu robo karne? Kweli. Lakini Wakefield hakuwa na wa kubadilishana naye. Kati ya wenzake waliokuja na Krapf, mmisionari Mjerumani, hakuna aliyedumu, na Charles New, aliyemfuata mwaka 1863, alikufa mwaka 1875. Ukienda Ribe kaburini utaelewa kwa nini hakukuwa na orodha ya uhamisho.

Wesley alijua vizuri kwamba mhubiri wa kupita hawezi kumlea mtu. Mwenye kulea alikuwa mwingine, na hapo ndipo hadithi yetu inapofanana na yenu kiasi cha kunifanya nitabasamu. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol walikuwa na deni la jengo. Ndiyo, la jengo. Walipokaa kujadili watalilipaje, nahodha mmoja aliyeitwa Foy akapendekeza kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wengi ni maskini, hawana hata hiyo. Akajibu: basi nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitamzungukia kila mmoja kila wiki, mwenye kutoa atoe, asiye na kitu nitamtolea. Wengine wakakubali kufanya hivyohivyo. Walipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba wakaona mambo ambayo hayaonekani Jumapili: huyu anagombana na mkewe, yule anakunywa, mwingine ni mgonjwa na hakuna aliyejua. Wakamletea Wesley habari, naye akaona mara moja kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Hapo ndipo darasa lilipozaliwa. Watu kama kumi na wawili, mmoja wao kiongozi, na kazi ya kiongozi ni kumwona kila mmoja kila wiki na kuuliza roho yake inaendeleaje.

Elewa hapo, dada yangu, maana kwa maoni yangu ndiko unakotoka moto unaowaunguza. Mhubiri alikuwa mpita njia. Aliyelala kijijini alikuwa kiongozi wa darasa. Farasi wa mhubiri aliondoka bila watu kubaki yatima, kwa sababu mlezi wao hakuwa juu ya farasi. Sisi tumeushika uhamisho kwa mikono miwili, darasa tumeliachia. Makanisa mengi niliyotumikia yalikuwa na madarasa ukutani: karatasi yenye majina, na mbele ya kila jina ahadi ya mchango na kilicholipwa. Kiongozi wa darasa akibisha mlangoni, mwenye nyumba anatafuta pochi. Lililoanza kama mchango likawa ulezi, nasi tumelirudisha kwenye mchango. Halafu mchungaji mwema anakuja, anaona watu hawana mlezi, anaanza kufanya yote peke yake. Tunampenda. Siku anapohamishwa tunagundua kwamba tulikuwa tumejenga nguzo moja tu.

Nikuulize, na usinijibu mimi. Mume wako alipolazwa, mbali na mchungaji, nani wa kanisani alikuja? Kiongozi wa darasa lako ni nani? Tangu siku arobaini zipite amekuja kwako mara ngapi? Kama jina lake imebidi ulifikirie kwanza, basi aliyehamishwa si chanzo cha jeraha lenu. Ameondoa tu kitambaa kilichokuwa kimelifunika.

Nimeiona hali nyingine kwa macho yangu. Katika kituo changu cha kwanza alikuwapo mama mmoja, hakumaliza darasa la nne, akiuza mihogo ya kukaanga. Siku ya pili baada ya mimi kufika aliniletea daftari la kurasa thelathini na mbili, jalada limeng'oka, limeshonwa kwa uzi mweusi. Ndani mlikuwa na majina kumi na matatu. Kila Jumapili ina alama: mstari maana yake alikuja, duara, hakuja lakini nimemwona nyumbani, duara lenye nukta ndani, ni mgonjwa. Jina moja lilikuwa na madoa ya mafuta ya mihogo na maduara yenye nukta miezi mitano mfululizo, kisha hakuna kitu. Nikamuuliza, akasema, "Huyo tulimzika Aprili, kabla yako." Akaliacha daftari mezani usiku mmoja. "Jifunze majina, kesho nalihitaji." Kati ya mchungaji aliyeondoka na mimi kufika zilikuwa zimepita wiki saba. Hakuna hata Jumapili moja iliyokosa alama.

Na nimeiona hali yenu pia, kwa sababu niliitengeneza mwenyewe. Kituo kimoja, cha baadaye, nilikuwa kila kitu. Wagonjwa niliwabeba kwenye gari langu, kwaya niliifundisha mimi, daftari la benki lilikaa droo yangu, hata ufunguo wa tangi la maji ulikuwa mfukoni mwangu. Nilipohamishwa waliandika karatasi kama hiyo ya kwenu, na Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Nilidhani ni cheti cha kazi nzuri. Baada ya miezi mitatu kwaya ilivunjika. Watu waliendelea kunipigia simu, nami nilikwenda: harusi mbili, mazishi manne, mara zote bila kumwomba ruhusa ndugu yule aliyenifuata. Nilikuwa nakaa kiti cha mbele na watu wananishika mikono, yeye kasimama pembeni na Biblia yake. Hakumaliza miaka miwili. Hakuwa mchungaji mbaya; hakupewa nafasi ya kujulikana. Hilo deni sijui kama nimelilipa.

Makanisa ya jirani yenye mchungaji wa miaka ishirini nayo yana uzuri wake. Mtu anayekubatizia mtoto na baadaye kumfungisha ndoa mtoto huyohuyo anajua mambo ambayo mgeni atayajua kwa shida. Mradi mkubwa unahitaji mtu anayekaa. Lakini wachungaji wengine wakikaa sana, kanisa hugeuka jina lao. Kiwanja kinaandikishwa kwao, mtoto anaandaliwa kurithi mimbari, na siku baba akifa waumini wanagawana viti. Si wote, wala si wengi labda. Ila ukihesabu faida za jirani hesabu na matanga yake.

Njia yetu nayo ina gharama, na sipendi wachungaji wenzangu wanaoificha chini ya maneno matamu ya utii. Mke mwalimu hawezi kuhama kwa barua ya kanisa. Itabidi aombe uhamisho kwa TSC, tume ya walimu, na jibu laweza kuchelewa, familia ikae vipande viwili. Mtoto anabadilisha shule karibu na mtihani. Mchungaji hujifunza salamu za watu, na anapoanza kuota kwa lugha yao anaondolewa. Waumini wamechoka kusimulia upya misiba yao kwa kila mgeni. Na baadhi yetu hatuanzi jambo gumu kwa kuwa "nitahama tu". Najua kanisa moja lililokuwa na shimo la choo lililochimbwa na wachungaji watatu. Kila mmoja alichimba futi chache.

Sasa kufuli. Vijana wanadhani wamebuni. Wesley alitaka kila nyumba ya ibada iwe na hati inayowataka wadhamini wampokee mhubiri anayetumwa, kwa sababu alijua siku itafika waliotoa pesa watataka kuchagua. Ikafika. Mwaka 1788, huko Dewsbury kaskazini mwa Uingereza, wadhamini waling'ang'ania kuwa na neno la mwisho juu ya nani ahubiri. Hawakuafikiana. Wao wakabaki na jengo, Wamethodisti wakatoka, wakalazimika kuchangisha tena na kujenga nyumba nyingine mji huohuo. Majengo mawili kwa ugomvi mmoja. Huku kwetu ardhi kwa kawaida imeandikishwa kwa wadhamini wa Kanisa zima, kwa hiyo hata hilo jengo la Dewsbury hamtalipata. Mtakalopata ni vijana wenu kituo cha polisi. Wakikuambia watakwenda kortini, wajue korti zetu hupenda kwanza kuona kwamba njia za ndani ya kanisa zimetumika zikaisha. Nanyi hamjaanza hata moja.

Nani basi aliyejenga ukuta? Ninyi, kwa chapati mlizouza na harambee. Mchungaji aliwaamsha, jambo kubwa, lakini mawe hayakutoka mfukoni mwake. Mkisema bila yeye jengo litakufa mnajitukana wenyewe.

Kuhusu pesa, hapo nazungumza na mweka hazina. Fungu la sakiti ndilo linalomlipa mchungaji posho, ikiwamo ya huyo mnayempenda, na ndilo linalobeba makanisa madogo ya ndani yasiyoweza kumtunza mtumishi peke yao. Ukilizuia, wa kwanza kulala njaa hatakuwa mtu wa ofisini. Zaidi ya hapo, pesa iliyotolewa kwa kusudi fulani si yako wala ya wazee kuigeuza silaha. Mtu akikuagiza uizuie, mwambie alete maamuzi ya kikao yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti na katibu. Utashangaa jinsi sauti zinavyopungua kalamu ikiitwa.

Njia ninayokuonyesha ni hii. Mkutano wa viongozi wa kanisa uitishwe, si kikundi cha watu waliokasirika, na uandike barua moja kwa msimamizi wa sakiti, nakala kwa askofu wa sinodi aliye juu yake. Msiandike "hatumtaki mgeni". Msitaje uvumi. Andikeni mambo yanayopimika: ujenzi umefika wapi, fundi ana mkataba gani, akaunti ina kiasi gani na wenye sahihi ni nani, mtoto anafanya mtihani mwisho wa mwaka, mama anafanya kazi wapi. Kisha ombeni jambo moja. Moja tu. Labda aruhusiwe kubaki hadi shule zifungwe. Labda, kama hilo haliwezekani, familia ibaki katika nyumba ya mchungaji hadi mtihani uishe na mgeni atafutiwe pa kulala. Au makabidhiano ya ujenzi yafanywe wachungaji wote wawili wakiwa wamesimama pale kwenye msingi. Nimekaa kwenye kamati zilizopokea barua za aina hii. Nyingine tulizikubali, nyingine tulizikataa, na nakiri tulikataa mbili ambazo tungepaswa kukubali. Lakini zilisomwa. Karatasi yenye sahihi mia tatu na maneno ya hasira ilikuwa ikipitishwa mkono kwa mkono, mtu anatikisa kichwa, inawekwa chini ya faili. Wingi wa sahihi haugeuki kuwa sababu. Jibu likija hapana, basi ni hapana. Anzeni kufagia nyumba ya mgeni.

Hilo jibu la mchungaji, "Tuombe," wengine kwenu watalichukua kuwa la woga. Mimi limenipa moyo. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza, tunasimama wote katika Ibada ya Agano, ambayo Wesley aliwaongoza nayo watu wake London mwaka 1755, na tunajitoa kwa Mungu tutumike au tuwekwe kando, apendavyo. Alisimama mbele yenu akasema hayo, nanyi mkaitikia. Sasa mnamtaka achague kati ya neno hilo na ninyi. Msimfanyie hivyo. Angekuwa ndiye anayewapelekea vijana nauli ya kwenda kuandamana, ningekuandikia barua ya namna nyingine.

Kabla hajaondoka kuna kazi, na nyingi ni yako. Wenye sahihi benki wabadilishwe kwa maandishi, pasipatikane wiki ambayo akaunti ina mtu mmoja. Pesa iliyo mkononi ihesabiwe mbele yake na mbele ya mwingine, wote mwandike majina. Rejista ya ubatizo, rejista ya ndoa na vitabu vya vyeti vya ndoa vikabidhiwe kwa hesabu, namba kwa namba. Vitabu hivyo vya vyeti ni vya serikali, na nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya cheti kimoja kisichojulikana kilikoenda. Stakabadhi za saruji na nondo ziwe faili moja. Halafu mwombeni jambo ambalo wachungaji wengi hatulifanyi mpaka tuombwe: aandike kwa mkono wake orodha ya wagonjwa, wazee wasiotoka nyumbani, na wafiwa wa miaka miwili iliyopita, ili mgeni ajue pa kuanzia.

Jina lako liwe kwenye orodha hiyo. Nimefika sasa kwenye zile sentensi mbili.

Mtu aliyekuja hospitalini usiku ni shahidi. Alimwona mume wako akiwa bado anazungumza. Labda anakumbuka neno ambalo hata watoto hawakulisikia. Akipanda lori, unaona kama kipande cha mwisho cha siku zile kinapakiwa pamoja na vitanda. Uhamisho hufukua msiba. Wala usijione mjinga kwamba unalia kwa ajili ya mchungaji kuliko wengine. Hulii kwa ajili ya mchungaji peke yake. Na ndiyo sababu nyingine iliyonifanya nikukataze kutia sahihi: ungetia kwa mkono wa mfiwa, na wazee wangeisoma kama kura.

Nenda umwone kabla ya siku ya kuaga, maana siku ile ni hotuba na mabakuli, hakuna anayesema neno la kweli. Nenda na binti yako au jirani. Mwambie yale aliyokufanyia, moja moja. Wengi wetu tunastaafu bila kuambiwa. Mwombe akusimulie anavyomkumbuka marehemu. Kama kaburi liko karibu, mwombe mwende aombe pale. Na mwombe akutajie mtu mmoja anayebaki, mwanamke ikiwezekana, atakayekuwa akija kwako. Akishahama, salamu za Krismasi mtumie. Mambo ya roho na ya nyumba mpelekee mgeni, hata kama mwaka wa kwanza utaona unaongea na mlango. Nimekueleza nilivyomwumiza mwenzangu kwa kuitikia kila simu.

Yako mambo ambayo barua yangu haiyatoshi. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, chakula hakishuki, au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri umfuate marehemu, waambie watoto wako leo hii na uende hospitali ukaonane na daktari au mshauri nasaha. Usingoje Jumamosi, wala usingoje mchungaji. Ikiwa kwenye hesabu kuna pesa isiyoonekana, mwone msimamizi wa sakiti na vitabu mkononi kabla makabidhiano hayajafanyika. Ikiwa hilo "kosa linalofichwa" linahusu mtoto, hilo halipiti kwenye kikao cha kanisa kwanza. Ni la polisi na ofisi ya watoto. Na mtu yeyote akikutisha kwa sababu ya sahihi, nenda kwa msimamizi ukiwa na shahidi, ueleze nani alisema nini na lini.

Jumamosi wakiweka karatasi mezani, waambie umesoma, una uchungu kama wao, na umekuja na rasimu ya barua. Uwe nayo kweli, imeandikwa. Mikono mitupu haigeuzi kikao.

Kufuli lenyewe lisirudishwe dukani. Ukuta ukifika linta, saruji na nondo huanza kutembea usiku. Wape vijana kazi: walifunge na mnyororo wake kwenye stoo ya ujenzi, ufunguo mmoja uwe kwa kiongozi wao, wa pili ukae kwako mpaka utakapomkabidhi mgeni mbele ya mashahidi wawili, na uandikwe kwenye orodha.